Kilo Kumi na Tano za Shangazi

3 Februari

Mwanangu Hesabu,

Nakusalimu wewe, mumeo, na huyo paka wenu asiyetaka kuzeeka. Huku sote wazima. Bibi yako anasikia vizuri kila anapotaka kusikia. Baba yako kanunua miwani mipya, ameshayaona makosa yote ya nyumbani kwake, sasa anashinda karakanani kwangu akitafuta ya kwangu. Karakana yenyewe ni ileile: upande huu mageti na madirisha ya chuma, upande ule ndege. Jana mteja amekuja kuchukua geti lake, kajigonga kichwa kwenye bawa, kaniuliza, "Na hili nalo mama unauzaje?"

Haya, tafuta pa kukaa. INJINI IMEFIKA!

Nimelifungua kasha mwenyewe, nikaizunguka mara tatu, nikaifuta vumbi ambalo haikuwa nalo. Ina kasoro moja tu, ni nyepesi. Ramani inataka injini ya kilo 92, hii ni kilo 80. Mwanzoni nilishangilia, nikasema wepesi ndio kheri ya ndege. Halafu nikakumbuka ulivyoniambia: pua ikiwa nyepesi, mkia unatawala. Kwa hiyo kitanda cha injini, yale mabomba yanayoibeba mbele ya bati la moto, ukuta unaotenga injini na rubani, lazima niyarefushe injini isogee mbele. Isogee kiasi gani? Hapo ndipo unapoingia wewe na shule yako yote.

Usibahatishe. Mabomba ya kitanda nimeyangoja miezi saba na yanatosha kitanda kimoja tu. Nikikata vibaya nangoja miezi saba mingine, na Agosti natimiza sitini. Niliapa nitaruka na ndege yangu nikiwa bado hamsini na kitu.

Tena jibu kwa karatasi, usinipigie simu. Amekuja mkaguzi mpya wa ndege, anataka hesabu zote ziwe kwa mkono wa aliyezipiga, na barua zake ziingie kwenye faili. Anaandika kwa wino wa kijani. Mtu mpole, mgane. Nimekutajia tu.

Uzito wa rubani, yaani mimi: kilo 82.

Na usisahau, abiria wa kwanza ni wewe. Uliahidi ukiwa na miaka tisa, umekaa kwenye stuli yangu na feni mbovu mapajani, unanguruma mpaka ukapaliwa na mate.

Shangazi yako


20 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Mfikishie Bibi shikamoo yake, mwambie hii aisikie. Mume wangu anasalimu. Anasahihisha mitihani ya darasa zima na kunisomea majibu ya ajabu kwa sauti, kwa hiyo tunaishi kwa kicheko. Kazini nimepewa lifti ya jengo la ghorofa kumi na mbili. Wiki yote nimeshinda ndani ya shimo lake nikipima vyuma vinavyosawazisha uzito wa kibanda cha abiria. Napenda mle ndani. Hakuna anayekuuliza unawaza nini.

Nimeisoma barua yako ya injini nimesimama, kwa sababu uliniambia nikae.

Sasa twende polepole, maana na mkaguzi wako atasoma. Chukua ufagio uulaze juu ya kidole. Pale unapotulia bila kuanguka ndipo kitovu cha uzito. Ndege nayo ina pake, na pasihame. Kwenye ramani, injini ya kilo 92 iko sentimita 110 mbele ya kitovu. Ya kilo 80, ili ivute sawa, ikae sentimita 126 na nusu. Hapo umeshaongeza 16 na nusu. Tena ramani imemkadiria rubani wa kilo 77, na kiti chako kiko sentimita 60 nyuma ya kitovu. Kilo zako tano za ziada zinataka injini isogee karibu sentimita nne nyingine. Jumla, refusha kitanda kwa sentimita 20.

Lakini USIKATE bado. Kwanza upime mwili wa ndege bila injini, kila gurudumu juu ya mizani yake, mkia umeinuliwa mpaka pima maji itulie. Kisha upime tena wewe umekaa kitini, nione kiti kinaelemea wapi hasa. Nitumie namba zote sita.

Uzito wangu ni kilo 54, nimepima leo kwenye mizani ya vifurushi ya ofisini. Nitakuja Juni. Ahadi ya miaka tisa ni ahadi.

Wako, Hesabu


11 Machi

Hesabu wangu,

Salamu tele, na pole kwa kuishi shimoni kama panya. Bibi kapata jino jipya, anacheka hata kwenye mambo yasiyochekesha ili lionekane. Baba yako mzima.

Tumepima! Laiti ungekuwepo. Mizani moja tumeazima duka la nafaka, moja zahanati, moja posta. Bibi aliketi mlangoni akatoa amri kama mkuu wa gwaride. Mkia tumeuweka juu ya meza ya kuchomelea, na aliyeushika usiyumbe ni mkaguzi, ambaye alikuwa anapita. Mtaa huu hauelekei popote, lakini alikuwa anapita.

Ilipofika zamu yangu nilivua viatu. Nikavua na saa. Nikapanda, nikakaa, nikabana pumzi. Baba yako akainama kusoma, nikamwambia, "Soma kimoyomoyo!" Akasema, "Nikisoma kimoyomoyo nitaandikaje?" Nikamwambia, "Andika, usitangaze!" Bibi naye kutoka mlangoni, "Mwache apumue, hewa haina kilo!" Mkaguzi alicheka mpaka mkia ukatikisika, ikabidi tuanze upya.

Namba zako hizi. Bila mtu: kushoto 78, kulia 77, mkia 29. Mimi nikiwemo: kushoto 112, kulia 111, mkia 58.

Naona mambo yote shwari. Umesema 20, na mimi ni mtu wa kazi, siwezi kuangalia bomba jipya wiki nzima bila kulishika. Jumatatu nakata.

Shangazi


19 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Sote wazima. Salamu nyingine zitafuata.

Usikate. Barua yako imefika leo, na Jumatatu uliyoitaja imeshapita. Nimepiga simu karakanani, haikupokelewa. Nadhani grenda ilikuwa inalia. Nampa barua hii dereva wa basi la asubuhi na natumaini mkono wako umechoka, au umeme umekatika, au mteja yeyote amekuja kugombana nawe kuhusu geti.

78 na 77 na 29 ni 184. 112 na 111 na 58 ni 281. Toa moja kwa nyingine. Kiti chako cha nyuma, Shangazi, kimekaliwa na mtu wa kilo 97, si 82.

Sikupanga kukuchunguza, namba zenyewe zimejumlishana. Kilo 15 zilizofichwa, sentimita 60 nyuma ya kitovu, zinaupa mkia nguvu ambayo sikuihesabu. Ndege itaruka, hilo ndilo baya lake. Itaruka vizuri, kisha pua itapanda, utasukuma usukani mbele, nayo itaendelea kupanda mpaka mwendo uishe. Baada ya hapo inaanguka kwa mkia na hakuna cha kushika.

Nimekaa na karatasi hii mpaka chai ikapoa. Nina shangazi mmoja.

Hesabu


5 Aprili

Kwa Mheshimiwa Mpelelezi,

Nakusalimu, wewe na kikokotoo chako. Bibi mzima, jino zima.

Dereva wa basi alinikabidhi barua yako nikiwa nimeinua barakoa ya kuchomelea, jasho linanitiririka, nimemaliza kiungo cha mwisho. Kitanda kimekamilika. Sentimita 20 kamili. Ni kizuri, mwanangu, kizuri kiasi kwamba nilimwita jirani aje akione, naye hata hajui ni cha nini. Viungo vimetulia kama mshono wa fundi nguo. Raba za kuzuia mtikisiko zimeingia kwenye bolti bila kulazimishwa. Na bomba limekwisha.

Kuhusu hizo kilo 97. Kwanza, nilikuwa nimevaa aproni ya ngozi. Pili, mfukoni mlikuwa na spana. Tatu, tulikuwa tumetoka kula. Nne, mizani ya posta inajulikana. Wewe huwezi kumtoa mtu mwenye heshima zake jumla kwa jumla kama gunia la mchele, kisha ukaandika jibu kwenye karatasi itakayosomwa na WATU.

Barua yako ya tarehe 19 haijaingia kwenye faili. Imepotea. Imepotelea chini ya godoro langu.

Nitaruka hivyohivyo, nitajibana.

Shangazi

Hapana, sitaruka hivyohivyo. Nimerudi kuongeza mstari huu baada ya kuitazama ndege kwa muda. Nifanyeje?


22 Aprili

Shangazi,

Shikamoo, tena shikamoo kubwa, ya mtu anayeomba radhi. Nilikujumlisha bila adabu. Huku tuko salama. Shimoni siendi tena kwa sasa. Wenzangu wananipandia ngazi, mimi nimehamia mezani karibu na dirisha. Ni utaratibu tu wa kazi.

Kitanda usikiguse. Nilikuwa nakerwa na kilo zako 15 popote niendapo, kama kokoto ndani ya kiatu, mpaka Jumapili nikiwa nafua mashuka nikaruka na povu mikononi. Mume wangu alidhani nimeona nge. Betri!

Kwenye ramani betri iko nyuma ya kiti chako. Ina kilo sita. Kutoka pale hadi kwenye bati la moto ni mita moja na nusu. Sita mara 150 ni 900. Na zile zako, 15 mara 60, ni ngapi? Zidisha mwenyewe, nakusubiri.

Umeona? Mia tisa kwa mia tisa! Hata nukta haikubaki. Hamisha betri uifunge kwenye bati la moto, na kitanda chako kizuri cha sentimita 20 kitakuwa sahihi kana kwamba tulikipanga hivyo. Mashuka niliyaacha kwenye beseni. Nimecheza jikoni peke yangu, halafu nikakumbuka kwamba sitakiwi kurukaruka kwenye sakafu yenye maji, nikakaa.

Lakini hesabu hii inasimama juu ya 97. Mkaguzi lazima aione. Ndege haimbebi rubani wa kwenye karatasi, inambeba yule aliyekaa. Itoe barua chini ya godoro.

Sikuulizi kwa nini uliificha. Najua mtu anaweza kuishika namba asiitamke, si kwa sababu anataka kudanganya, ila anahisi akishaisema tu, itamponyoka. Mwaka jana na mimi niliwahi kutangaza jambo mapema. Basi.

Juni nitaangalia nafasi.

Hesabu


30 Mei

Hesabu, taa ya ukoo,

Salamu zilizochujwa mara mbili! Bibi, baba yako, jirani, wote wanasalimu. Ungenisikia nilivyopiga kelele kwenye ile mia tisa, baba yako alidondosha miwani kwenye ndoo ya rangi. Sasa anaona dunia yote ya bluu, na ameacha kutafuta makosa.

Betri imehama. Injini imefungwa. Na barua imetoka chini ya godoro.

Nilimkabidhi mkaguzi faili nikajifanya natafuta tepu. Hiyo tepu ilikuwa shingoni mwangu. Nikamsikia anafungua ukurasa, anafungua mwingine. Kisha kalamu ya kijani. Nikasema moyoni, basi, kwisha habari yangu. Akasema bila kuinua kichwa, "Mimi ni kilo sabini na moja. Kwenye bembea ya ubao tungelingana vizuri, wewe ukikaa karibu na katikati."

Mwanangu, nilishika grenda nikaiwasha bila kitu cha kukata.

Siku iliyofuata tukawasha injini. Ilikohoa mara mbili, ikashika! Pangaboi la ndege likawa duara la ukungu, mabati ya paa yakaimba, mageti ya wateja yakatetemeka yote. Bibi alikaa mbali na pamba masikioni, injini ilipozimwa swali lake likawa moja: "Honi iko wapi?"

Sasa fomu ya ruhusa. Inataka uzito wa abiria, uwe umepimwa ndani ya siku thelathini. Ile 54 yako ya Februari imeshapitwa na wakati. Nimekiacha kisanduku wazi. Na unakuja lini? Juni ndiyo hii inabisha hodi. Mtu akiniuliza ulivyo najibu "mzima", lakini najibu kwa kukisia.

Shangazi, kilo 97, amesimama wima


17 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Paka naye yupo, sasa anapenda kulala juu yangu tu.

Juni sitaweza. Kazi zimebanana, safari ni ndefu, barabara ina mashimo. Usinikasirikie.

Kuhusu uzito wangu, haubadilishi kitu: kiti cha mbele kiko karibu kabisa na kitovu, mtu yeyote akikaa pale mkia haujui. Ungeweza kuandika namba yoyote. Nilitaka kukwambia uandike ileile ya zamani. Nimeianza sentensi hiyo mara tatu kwenye karatasi tatu. Siwezi. Jedwali hilo nimelichora mimi, na nimemsumbua mtu mzima kwa ajili ya ukweli wake.

Abiria: kilo 61 na nusu. Nimepima leo asubuhi.

Hayo tu. Naona mkaguzi amekutajia uzito wake bila kuulizwa na fomu yoyote.

Hesabu


9 Julai

Mwanangu,

Leo sisalimu kwa mpangilio, nasalimu kwa mkupuo: NIMERUKA!

Ruhusa ya majaribio ilitoka, mtu mmoja, siku tulivu. Tulimbeba Bibi na kiti chake mpaka ukingo wa uwanja. Nilifunga mkanda, nikasukuma moto, nyasi zikakimbia. Mkia ukainuka wenyewe, kwa adabu, kama mtoto anayempisha mgeni. Nikahesabu mpaka saba na ardhi ikaniachia.

Juu kule, mita mia nne, nilifanya jaribio la kuipima hesabu yako. Nilinyoosha ndege, nikaachia usukani. Mikono yote miwili, Hesabu! Niliiinua hewani kama mtu aliyeambiwa asalimu amri. Pua haikupanda, mkia haukushuka, ikaendelea tu mbele, imetulia kwenye kidole chako kama ule ufagio. Nilicheka peke yangu mpaka kioo kikaingia ukungu. Niliimba. Nilimsalimia kunguru.

Nilipotua, baba yako alikuwa analia anasema ni miwani. Mkaguzi alinipa mkono akasahau kuurudisha. Bibi kasema ungekuwa na honi tungekusikia.

Sasa imebaki ruhusa ya kubeba abiria, na hapo kuna jambo. Mkaguzi amesoma faili lote, ukurasa kwa ukurasa, na ameandika swali rasmi kwa kijani. Nalinakili neno kwa neno:

"Abiria ameandikwa kilo 54 tarehe 20 Februari, na kilo 61.5 tarehe 17 Juni. Tofauti ni kilo 7.5. Mpiga hesabu aeleze kwa maandishi chanzo cha tofauti hii, na kama inatarajiwa kuongezeka."

Mimi sijauliza kitu. Sijasema kitu kwa Bibi wala kwa baba yako. Nimetembea tu karakanani siku mbili nikiokota vitu na kuviweka palepale vilipokuwa. Anayeuliza ni serikali.

Shangazi


21 Julai

Kwa Mkaguzi, kupitia kwa Shangazi, iingie kwenye faili

Shikamoo. Shikamoo na wewe Shangazi, unayeisoma kabla ya mwenyewe. Nimekaa na swali lenu siku nne. Mume wangu alitaka kunisaidia kujibu, ikabidi nimpe mitihani yake. Jana daktari amepima, amesikiliza, ameandika, kisha amesema, "Mbona unabana pumzi? Pumua, mama." Nikamkumbuka mtu niliyesoma habari zake juu ya mizani ya posta, nikacheka kitandani pale, na waliocheka wakawa wawili kwa sababu kuna aliyepiga teke.

Majibu yangu ni haya.

Tofauti ya kilo saba na nusu inatokana na abiria wa pili, ambaye kwa sasa hana kiti chake. Hakutajwa mapema kwa sababu mpiga hesabu aliogopa kumtaja, baada ya lile la mwaka jana. Kosa ni la mpiga hesabu, na adhabu yake ameshaipata: miezi mitano ya kuwa na furaha kimyakimya, yeye, mumewe na paka tu.

Ndiyo, tofauti inatarajiwa kuongezeka hadi Novemba. Kwa sababu hiyo abiria wote wawili wanaomba kiti cha mbele kisubiri, na siku hiyo ya Agosti, rubani akitimiza sitini, kikaliwe na mtu wa kilo 71 kama yupo anayepita.

Kuanzia Novemba, abiria wa pili atapimwa peke yake na namba yake italetwa mara moja, bila kufichwa, hata gramu. Abiria wa kwanza naye atarudi kilo 54, au karibu na hapo, au si karibu sana. Kuhusu hilo anaomba, kwa heshima zote, asijumlishwe.

Mpiga hesabu